Uzito Uleule, Safari Chache

Kermanshah, 5 Mehr

Kwa Borzu, mwana wa dada yangu, mlima unaotembea,

Salamu zangu zikukute umesimama, maana nasikia siku hizi ukikaa viti vinalia. Mimi mzima. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia likitaka, ndiyo maana naandika. Usinipigie simu. Mtu akinipigia nasema "ndiyo, ndiyo, bila shaka," halafu baadaye nagundua nimekubali kununua zulia. Kupiga ngoma ndani ya nyumba ya nguvu, wanaume wakifanya mazoezi shimoni chini yangu, maisha yangu yote, kumenila masikio, lakini mkono umebaki, na mwalimu wa darasa la nne, kabla sijamtoroka, alinifundisha herufi za kutosha kukutukana.

Kinyozi wetu amenionyesha picha yako kwenye simu yake, ile uliyosimama jukwaani huko Karaj umepakwa mafuta ya rangi kama kuku wa kuchoma. Kifua kama mlango wa karakana. Shingo sikuiona, nadhani uliiacha nyumbani. Na ile chupi! Marehemu mama yako angepanda jukwaani na blanketi.

Lakini nilijivuna, siwezi kusema uongo. Sasa sikiliza. Paa la nyumba yetu ya nguvu, lile lililokuwa likivuja mpaka tukawa tunafanya mazoezi na vyura, linatengenezwa. Mwezi wa Esfand, watu wakianza kusafisha nyumba kwa ajili ya mwaka mpya, tunafungua upya. Nimekwisha kuwaambia watu wote kwamba utakuja. Utainama kwenye ule mlango wetu mfupi kama walivyoinama wakubwa zako, na mimi huku juu na ngoma yangu nitakupigia kengele, kama anavyopigiwa pahlavani, shujaa wa nguvu. Kisha Haji Yadollah, mtu wetu wa kati, atakukaribisha katikati ya shimo uongoze.

Huko kwenye vyuma vyenu kila mtu na kioo chake. Kwetu hujasahau: mtu wa kati akishuka, wote wanashuka, akizungusha marungu, wote wanazungusha, na hakuna anayeacha mpaka yeye aache. Wazee wanakusubiri. Wengine wanasubiri na kifo pia, kwa hiyo usichelewe.

Mjomba wako,
Mashdi Safar


Karaj, 2 Aban

Mjomba wangu Mashdi Safar,

Naubusu mkono wako, ule wa ngoma. Barua yako imetuchekesha mimi na Rokhsare hadi chai ikapoa. Tumefurahi kusikia habari za paa.

Kuhusu Esfand, Mjomba, naona itakuwa vigumu. Wewe unajua kazi ya madirisha ya alumini, mwisho wa mwaka kila mtu anataka nyumba yake iwe tayari, na fundi ni mimi peke yangu. Halafu bega langu la kushoto linanisumbua kidogo. Na ile picha ni ya zamani, ya mwanzo wa kiangazi. Usiwaonyeshe watu tena.

Pahlavani wapo wengi Kermanshah. Kengele mpigie anayestahili.

Wako mtiifu,
Borzu


Kermanshah, 19 Aban

Borzu,

Uongo una ufundi wake kama ngoma, na wewe huna mkono. Mwezi wa Esfand watu wanaosha vioo, hawaweki vipya. Picha ya mwanzo wa kiangazi unaiita ya zamani? Mimi nina soksi za kabla hujazaliwa naziita mpya.

Nimekaa na kinyozi tumelichunguza jambo lako. Yeye anasema umejichora mwili, unaogopa wazee wakuone. Mimi nasema umegombana na mke. Ninazijua dalili: mwanamume akianza kusema "wewe unajua kazi", ujue amelala sebuleni. Kama ndivyo, dawa yake ni rahisi. Muombe radhi kabla hajakwambia kosa. Ukisubiri akutajie kosa, utaombea radhi hilo na mengine aliyoyakumbuka njiani.

Kama ni tatuu, njoo tu. Haji Yadollah ana jina la mke wa kwanza mgongoni, na mke wa tatu ndiye anayemsugua.

Nimempelekea mwoka mkate habari zako. Anakusalimu. Na muuza kunde. Na yule daktari wa meno.

Andika ukweli. Karatasi haimpigi mtu.

Mashdi Safar


Karaj, 11 Azar

Mjomba,

Sijagombana na Rokhsare wala sijajichora. Nakuandikia ukweli, na nakuomba barua hii kinyozi asiione.

Ule mwili wa kwenye picha haukuwa wangu peke yangu. Nilikuwa najichoma sindano za homoni. Pale jimu karibu wote wanachoma, wanaitana kando kama wavuta sigara. Nilichoma mzunguko mzima, majuma kadhaa mfululizo, nikapanda jukwaani, nikapata nafasi ya pili. Mwisho wa kiangazi nikaacha, kwa sababu mimi na Rokhsare tunataka mtoto na mtoto haji. Tulikwenda kwa daktari wa homoni. Anaitwa Daktari Homa, mwanamke wa makamo, amevaa miwani minene. Ameniuliza maswali ya chumbani bila kupepesa jicho, na mimi nikamjibu nikiitazama kalenda ukutani. Alisema mwili ukiletewa chakula mlangoni kila siku, unazima jiko. Jiko langu limezimika, Mjomba. Mbegu zimelala. Akasema zinaweza kuamka, wengi huamka, lakini huchukua miezi, na hakuniahidi. Kitu kimoja alikisema waziwazi: nikirudia sindano, nijue ninaufunga mlango kwa mikono yangu.

Basi nimeacha, na ninayeyuka. Mashati yananipwaya. Nilipoona hivyo nikaongeza mazoezi, asubuhi jimu na jioni jimu, nikijiambia nitaushika mwili kwa nguvu. Nikawa dhaifu zaidi, usingizi ukanipotea, bega likaharibika. Daktari Homa alikasirika. Aliniambia: "Ulipokuwa kwenye sindano ulikuwa na mafundi wengi wa kutengeneza. Mafundi wameondoka, na wewe bado unabomoa kuta zilezile. Punguza wingi, usipunguze uzito." Yaani seti nusu ya zile za zamani au chini ya hapo, chuma kibaki kizito, kile ninachokimudu bila kuvunja mwendo, niache kabla sijashindwa, nipumzike siku nyingi zaidi, nile vizuri, nilale. Anasema misuli hukaa ikiambiwa mara chache kwamba bado ina kazi. Ikipigiwa kelele kutwa inakimbia. Na sehemu ya nilichopoteza, alisema, ilikuwa maji tu.

Sijui kama namwamini. Mtu anaondoka jimu hajatoka jasho la maana, anawezaje kubaki na mwili?

Kwa hiyo unaona, siwezi kuja kuvua shati mbele ya watu uliowaonyesha picha. Tafadhali ifute ile habari ya kengele.

Borzu


Kermanshah, 4 Dey

Mpwa wangu kuku wa sindano,

Kinyozi hajaiona. Nimeificha ndani ya ngoma, sasa nikipiga, siri yako inacheza.

Kwanza nikucheke, ni haki yangu. Wakati wetu mtu akitaka kifua alikula supu ya kichwa cha kondoo alfajiri na kuzungusha marungu mpaka mama yake amsahau. Ninyi mnanunua kifua kwa chupa kama siki. Haya, nimekwisha kucheka.

Pili, umefanya vizuri kumwambia yule mama mambo yote. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sidhani kama walimfikiria mtu mwingine zaidi yako.

Tatu, maneno yake. Nilisoma mara mbili nikaona huyu Homa amefuga punda. Baba yangu alikuwa na punda wa kubeba matofali. Punda akiumwa akapona, mjinga humrudisha kwenye safari zote za zamani, na punda huanguka. Mjinga mwingine humbebesha majani tu kwa huruma, na mgongo husahau tofali. Baba alimpa uzito uleule, safari chache. Moja asubuhi, halafu kivulini na shayiri. Punda yule alimzika baba yangu. Basi mwamini daktari wako, ana akili ya baba, na miwani juu yake.

Lakini kengele siifuti. Nitaifutaje? Muuza kunde ameshona suruali mpya. Kaulize mtu yeyote katika soko letu, atakwambia mpwa wa Mashdi anakuja. Umepungua? Kwani sisi tunapima nyama? Njoo ulivyo. Una miezi miwili na zaidi, kula mbavu za kondoo, utakuja umejaa.

Mashdi Safar


Karaj, 9 Bahman

Kwa Mjomba Mashdi Safar, kwa heshima,

Mimi ni Rokhsare, mke wa Borzu. Tulionana siku ya harusi, ulipiga ngoma mpaka kaka yangu akalia. Borzu hajui kwamba naandika.

Jana nilikuwa natafuta mtungi wa achari ya bilingani kwenye friji. Nyuma yake nikakuta chupa ndogo imefungwa kwenye soksi. Naijua ile chupa. Nilimuuliza. Hakukataa. Alikaa kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima yule, akasema: "Hii moja tu, Roksha. Nijaze kifua kwa Esfand, nipite mbele ya watu wa Mjomba, nikirudi naacha milele." Nikamwambia, na Daktari Homa? Akasema daktari hajui maana ya kengele.

Bado hajaifungua. Nimeangalia kizibo. Lakini kila anaporudi kutoka jimu anajitazama kwenye kioo cha kabati, halafu anafungua friji na kusimama pale kana kwamba anatafuta mtindi.

Mjomba, nilikuwa nacheka barua zako. Hii ya mwisho sikuicheka. Wewe umemwambia "njoo ulivyo" na hapohapo ukamwambia "utakuja umejaa". Yeye amesikia la pili tu. Kengele yako haijapigwa Kermanshah, lakini inalia ndani ya friji yangu kutwa.

Ninataka mtoto. Na hata asipokuja, ninamtaka mume wangu bila soksi ile. Mfutie kengele. Nakusihi kwa roho ya mama yake.

Rokhsare


Kermanshah, 15 Bahman

Borzu mwanangu,

Barua fupi, baridi imenishika vidole.

Bahati mbaya imetupata. Mafundi wa paa wameangusha boriti, imeipiga kengele, imepasuka. Nilijaribu kuigonga, ikatoa sauti kama sufuria ya mjane. Huku hakuna fundi wa kuiziba. Kwa hiyo Esfand hakutakuwa na kengele kwa mtu yeyote, hata angekuja mkuu wa mkoa na farasi wake.

Watu nimewaambia unakuja kumzuru mjomba wako mgonjwa. Nimeanza kukohoa tangu jana ili nizoee. Ukija utakaa pembeni na shati lako, utakunywa chai, utakula mbavu. Anayetaka kuona kifua aende kwa kinyozi akatazame picha.

Na nisikilize, maana nasema mara moja: mimi nilikuwa namtaka Borzu aingie mlangoni. Yule wa kwenye picha simjui, hakuwahi kuniletea sigara kwa siri.

Mashdi Safar

(Mwambie bibi wa nyumba achari ya bilingani ikikaa sana kwenye friji inaharibika. Mtu aangalie nyuma ya mitungi mara kwa mara.)


Karaj, 1 Esfand

Mjomba,

Pole kwa kengele. Lakini ukitaka ukweli, nilipofika kwenye neno "imepasuka" niliketi na kupumua kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Nilikuwa sijui kwamba nimeibeba miezi yote hii.

Kuna kitu nimekimwaga kwenye sinki ya jikoni. Usiniulize kitu gani. Rokhsare alisimama mlangoni, halafu akafungulia maji mpaka mwisho. Nadhani ninyi wawili mnaandikiana. Achari ya bilingani, Mjomba? Na wewe ndiye uliyenifundisha uongo una ufundi wake.

Habari ya chuma. Nimeamua kumtii Daktari Homa kweli, siyo ile ya kumtii mchana na kumsaliti jioni. Nakwenda jimu siku tatu kwa juma. Nabeba kizito, seti chache, nikihisi bado ningeweza kuongeza marudio mawili au matatu, naweka chini. Siku za kwanza vijana walinicheka, "Babu, umekwisha tayari?" Lakini hivi ndivyo ilivyo: tangu mwezi wa Dey chuma nilichokuwa nakisukuma kifuani kilikuwa kinashuka kila wiki, na sasa kimeacha kushuka. Kimesimama. Mashati bado yanapwaya, lakini hayapwayi zaidi ya mwezi uliopita. Bega limenyamaza. Nalala mpaka Rokhsare ananipiga kiwiko kwa kukoroma.

Sitakuwa tena kama picha, najua. Lakini kilichobaki kimeacha kunikimbia.

Nitakuja kukutazama na kikohozi chako.

Borzu


Karaj, 26 Esfand

Mjomba Mashdi,

Umemfanya nini mume wangu? Amerudi jana na sanduku la biskuti za mchele, zimevunjika zote. Nikimuuliza ilikuwaje anaanza kucheka, anajishika mbavu, anasema "magoti ya Haji", halafu anacheka tena mpaka anatoka chumbani. Tangu kiangazi sijamsikia akicheka hivi. Amekula sahani mbili za wali na amelala saa moja jioni.

Wanawake hatuingii huko shimoni kwenu, kwa hiyo niambie wewe. Na usipunguze chumvi.

Rokhsare


Kermanshah, 3 Farvardin

Binti yangu Rokhsare, mlinzi wa friji,

Mwaka mpya uwe wa heri kwako. Umeomba chumvi, shika kibaba.

Siku yenyewe nyumba ilijaa. Mimi nimekaa huku juu, ngoma magotini nimeipasha moto, na kengele inaning'inia juu ya kichwa changu nimeifunika taulo, maana ilikuwa nzima kama yai. Kinyozi akanivuta mguu: "Mashdi, mpwa wako anaingia, piga!" Nikasema imepasuka. "Imepasuka lini? Asubuhi uliijaribu!" Nikamwambia, imepasuka sasa hivi, na ukiendelea kusema utaifuata.

Borzu akainama mlangoni, akaingia. Akaliona taulo. Akanitazama mimi. Nikakohoa.

Alikaa pembeni na shati lake kama tulivyopatana. Lakini sasa, binti yangu, unawajua watu wetu na adabu zao. Haji Yadollah akasimama katikati ya shimo, akaweka mkono kifuani: "Mgeni, tafadhali, nafasi hii ni yako." Borzu naye, kama alivyolelewa: "Haji, mbele yako mimi ni vumbi." Haji mara ya pili: "Haiwezekani, njoo." Borzu: "Nafasi ni ya mkubwa." Mimi nikashukuru, nikajua limekwisha, maana kila juma Haji humkaribisha kila mtu mle ndani kwa maneno hayohayo, na kila mtu hukataa kwa maneno hayohayo, kisha Haji huongoza. Halafu anatuua. Hulala kifudifudi na kusukuma ardhi kwa mikono mpaka mtu unaiona roho yako imekaa pembeni inakusubiri na koti. Tumekuwa tukifa hivyo tangu alipoishika nafasi ile, na nani amwambie Haji apunguze? Itakuwa kumwambia amezeeka.

Lakini safari hii Haji hakugeuka. Alipanda akamfuata Borzu pale pembeni, akamshika mkono, akamnong'oneza sikioni. Haji ni kiziwi kama mimi, akinong'ona wanamsikia msikitini: "Mwanangu, kwa haki ya Ali, kubali. Magoti yangu yamekufa. Kila juma nawaomba hawa waichukue nafasi, kila juma wananirudishia!"

Muuza kunde alifumba macho kwa aibu. Mwoka mkate akauliza, "Haji, si wewe unayependa zoezi refu?" Haji akageuka: "Mimi? Nani apende? Nilidhani ninyi ndio mnaotaka! Mlikuwa mnasema 'Mungu akuongezee nguvu!'" "Tulikuwa tunasema kwa adabu!" "Na mimi nilikuwa naendelea kwa adabu!"

Wazee wale, binti yangu, wameuana kwa heshima miaka yote hiyo.

Borzu akacheka kwanza. Halafu akasimama, akalivua shati mwenyewe. Nitakwambia kweli: si yule wa kwenye picha. Lakini shingo nimeiona safari hii, ni shingo nzuri, ya mama yake. Hakuna aliyetazama kifua. Wote walikuwa wanatazama atasukuma mara ngapi.

Akaingia katikati ya shimo, akashika ubao uliolazwa chini, akashuka taratibu mpaka kifua karibu na ubao, akapanda taratibu. Wote nyuma yake. Tukaingia kwenye utamu, nikafika kwenye ubeti wa pili wa wimbo ninaowaimbia, naye akasimama. Akapiga makofi kidogo: "Tupumzike." Daktari wa meno akabaki ananing'inia katikati akidhani ni mtego. "Tupumzike, wazee wangu," Borzu akarudia. "Daktari wangu anasema tuache kabla hatujashindwa." Binti yangu, umewahi kuona wafungwa wanaambiwa waende nyumbani? Walikaa wakatazamana. Mmoja alianza kulia, lakini yule hulia kwa lolote.

Kisha marungu. Akachagua mazito, yale yaliyokuwa yanakusanya vumbi, akaniambia nipige polepole. Akayazungusha mizunguko michache, ya haki, kila mmoja kama mtu anayefungua mlango wa chuma. Akaweka chini. Kila mzee akachukua alichokimudu, akazungusha michache, akaweka chini. Pumziko. Hata mkono wangu wa ngoma ukamuombea dua, maana na wenyewe ulikuwa unakufa kwa adabu.

Tulimaliza chai ikiwa bado ya moto. Haji Yadollah akamshika Borzu uso kwa mikono miwili: "Huyu daktari wako ni nani? Nataka kumsomea Fatiha." Borzu akasema yu hai. "Basi nitamtumia samli."

Wameamua utaratibu huo ubaki. Uzito uleule, safari chache. Na kila juma nafasi ya kati itashikwa kwa zamu, kukataa ni marufuku.

Biskuti zilivunjika kwa sababu walimkumbatia wote kwa zamu na yeye alikuwa amezishika. Siyo kosa langu.

Kengele sikuipiga. Nilisema imepasuka, na mzee hamkanushi mzee mwenziwe, hata akiwa ni yeye mwenyewe.

Mjomba wako kwa ndoa,
Mashdi Safar


Karaj, 14 Tir

Mjomba,

Naandika upesi, usicheke mwandiko.

Mwezi wa Ordibehesht Daktari Homa alipima tena. Alituita ndani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, mimi nikawa nishakufa mara mbili. Akasema: "Bwana Borzu, jiko limewaka." Siyo moto mkubwa, akasema, lakini unawaka. Rokhsare akanifinya mkono mpaka nikasema "ai" mbele ya daktari. Tuliamua tusikuandikie bado. Tuliogopa kusema kwa sauti.

Jana nilinunua supu ya kichwa cha kondoo kwa ajili ya asubuhi, kama unavyopenda wewe. Nilipofungua kifuniko Rokhsare alikimbilia bafuni. Nikasema nyama ni mbaya. Akarudi na uso mweupe, akasema nyama ni nzuri. Leo tumepima. Ni kweli, Mjomba.

Yeye anataka kuongeza neno:

*Mjomba, mimi Rokhsare. Nyuma ya mtungi wa achari sasa kuna achari nyingine, basi. Daktari anasema ni mapema, tusitangaze. Usimwambie kinyozi.*

Tunakubusu mikono yote miwili.

Borzu na Rokhsare


Kermanshah, 22 Tir

Wanangu,

Kinyozi sikumwambia. Apate dhambi ya kukisia.

Barua ilifika asubuhi. Nilikwenda nyumba ya nguvu kabla ya watu, nikapanda mahali pangu, nikakaa. Nilitaka kupiga ngoma, mkono ukakataa. Nikasimama, nikaliondoa lile taulo. Lilikuwa na vumbi la Esfand. Nikaipiga kengele kwa nguvu zangu zote, mara moja, na nyumba tupu ikajaa. Hata sikio la kulia nadhani lilisikia.

Sikumwona Haji Yadollah, alikuwa kule pembeni anajipaka dawa ya magoti. Akaruka, akasimama wima, mkono kifuani kama desturi, akautazama mlango mfupi. Hakuna mtu.

"Mashdi!" akapiga kelele. "Si ilipasuka?"

"Imepona."

"Nani ameingia?"

"Bado hajaingia," nikamwambia. "Yuko njiani."

Mzee akabaki amesimama na mkono kifuani, akausubiri mlango.

Mashdi Safar